Vanishi ya kufunikia dekali za wachezaji wadogo: ipi inunuliwe kwanza hapa Lubumbashi

Mchezaji wa mpira wa mezani wa aina ya Subbuteo, yule anayesukumwa kwa ncha ya kidole, ana kimo cha takriban sentimita mbili tu, na mgongo wake ni mwembamba kuliko ukucha. Kuandika namba hapo kwa brashi kunataka mkono mtulivu ambao wengi wetu hatukujaliwa, ndiyo maana sisi tunaopaka rangi timu hizi hapa Lubumbashi tunategemea dekali, yaani zile picha nyembamba zinazolowekwa majini, zikaachana na karatasi yake, kisha zikatelezeshwa hadi mahali pake. Kubandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifunika dekali kwa vanishi ili isichunike, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu madukani mwetu kuna vimiminika vingi vinavyoitwa vanishi, ilhali vinavyoweza kukaa juu ya dekali bila kuiharibu ni vichache.

Sanamu ya kuwekwa kabatini huweza kudumu miaka mingi hata kama vanishi yake ni dhaifu, kwa kuwa hakuna anayeigusa. Mchezaji wa mezani hana nafuu hiyo. Tangu Peter Adolph alipoanza kuuza mchezo huu nchini Uingereza katika miaka ya 1940, utaratibu wake umekuwa uleule: mchezaji hupigwa kwa kidole, huteleza juu ya kitambaa, hugongana na wenzake, na mara nyingi huishia sakafuni. Jasho na mafuta ya vidole humfikia kila siku anapochezeshwa, na kila anaporudishwa sandukuni husuguana na jirani yake. Vanishi ya mchezaji kama huyo inapaswa kuwa ngao ya kweli.

Katika mji wetu rangi zinazotakiwa zaidi zinajulikana: nyeusi na nyeupe za TP Mazembe, pamoja na nembo ya mamba. Timu iliyonifundisha karibu yote niliyoandika hapa ni kikosi cha 2010, kile chenye Robert Kidiaba golini, kilichokuwa cha kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na kikacheza na Inter Milan mjini Abu Dhabi. Nimekipaka rangi mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikiharibu kwa vanishi, wala si kwa rangi. Hukumu niliyofikia baada ya mara hizo ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye vanishi ya maji inayong'aa, hata kama nia yako ni kwamba mchezaji aliyekamilika asing'ae hata kidogo.

Kwa nini yenye kung'aa itangulie

Rangi nyingi za akriliki zinazotumika kwa sanamu ndogo hukauka bila mng'ao. Kwa macho uso huo unaonekana laini, lakini kwa dekali ni kama barabara ya changarawe. Rangi isiyong'aa ina chembe ndogo sana zinazotawanya mwanga, na dekali inapolala juu ya chembe hizo, hewa hubaki chini yake katika vijishimo visivyohesabika. Hewa hiyo ndiyo inayoleta ule weupe wa kifedha unaozunguka namba, ambao huonekana vibaya zaidi juu ya mistari myeusi, na ambao ukishafunikwa kwa vanishi hauondoki kwa urahisi. Watu wengi huilaumu karatasi ya dekali, wakanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na weupe ukarudi vilevile.

Vanishi inayong'aa hujaza mabonde hayo kabla dekali haijafika. Mpangilio ninaoufuata ni huu: rangi ikauke siku nzima, kisha yapakwe matabaka mawili membamba ya vanishi inayong'aa, siku inayofuata dekali ibandikwe na iachwe usiku kucha, ndipo tabaka jingine la kung'aa lipite juu ya dekali ili kuzika ukingo wa utando wake, na mwishoni kabisa, kama mng'ao hautakiwi, lipakwe tabaka moja la vanishi ya mati. Ukihesabu, utaona kwamba vanishi inayong'aa hutumika mara tatu ilhali ya mati hutumika mara moja tu. Kwa hiyo anayeagiza chupa tatu kutoka mbali aagize mbili za kung'aa na moja ya mati, ingawa wauzaji wengi huuza jozi ya moja kwa moja.

Mpangilio wa vanishi, kuanzia iliyo bora

Nimezipima kwa mambo manne: kama kiyeyushi chake kinaushambulia utando wa dekali, kama hugeuka njano baada ya muda, kama inavumilia vidole, na kama mtu wa Lubumbashi anaweza kuipata bila kusubiri nusu mwaka. Jambo la kwanza lina uzito kuliko mengine yote, kwa maana vanishi inayokunja dekali siku ya kwanza haina haja ya kupimwa kwa lolote lingine.

Nafasi ya kwanza naipa vanishi ya akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya sanamu, na iliyonitumikia vizuri zaidi ni ya Vallejo ya Hispania. Inayong'aa ina namba 70.510 na ya mati ina namba 70.520, chupa zake za mililita 17 zina mdomo wa kudondosha, jambo ambalo huzuia kumwaga kupita kiasi. Kwa kuwa kinachoibeba ni maji, haiyeyushi utando wa dekali iliyokwisha kukauka, haina harufu ya kuumiza kichwa, na brashi huoshwa kwa maji matupu. Haigeuki njano. Mchezaji mmoja hutumia kiasi kidogo sana, hata chupa moja inayong'aa, ikitumiwa kwa uangalifu, inatosha timu kadhaa pamoja na wachezaji wao wa akiba. Kasoro yake ni kwamba si ngumu sana katika siku za mwanzo: huonekana imekauka baada ya saa moja, lakini vidole vikiigusa kwa nguvu kabla ya siku kadhaa kupita, huacha alama. Mimi huwaacha wachezaji wangu wiki nzima kabla ya kuwashusha uwanjani, na tangu nilipoanza kufanya hivyo hakuna namba iliyochunika.

Ya mati inahitaji neno la ziada. Kinachoondoa mng'ao ndani yake ni unga mwepesi unaotuama chini ya chupa, na chupa isiyotikiswa vya kutosha hutoa vanishi inayong'aa mwanzoni na uji mweupe mwishoni. Uji huo ukipakwa juu ya mistari myeusi ya jezi huonekana kama majivu. Tikisa chupa kwa dakika mbili kamili ukitazama saa, pasipo kukadiria, na ikiwezekana tumbukiza ndani yake gololi ndogo ya chuma kisichoshika kutu. Kampuni hiyohiyo hutengeneza pia vanishi ya poliurethani ya maji, iliyo ngumu zaidi na inayowafaa sana wachezaji wanaogongana, lakini kwa brashi hutoa mapovu upesi, hivyo anayefaidi zaidi ni mwenye brashi ya hewa, yaani kifaa kidogo kinachopuliza rangi kwa hewa. Microscale ya Marekani nayo ina vanishi za maji, Micro Gloss na Micro Flat, ambazo ziko katika daraja hilohilo. Ukizipata kabla ya Vallejo, zinunue bila wasiwasi.

Nafasi ya pili itawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa maana haitoki katika duka la vitu vya kuchezea bali katika maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyo tele mjini kwetu. Ni vanishi ya mbao inayotumia maji, ile ya akriliki au ya akriliki iliyochanganywa na poliurethani, inayotengenezwa kwa ajili ya samani na sakafu. Aliyenionyesha ni fundi seremala wa Katuba niliyemkuta akiosha brashi yake kwenye ndoo. Nilimuuliza thina yake iko wapi, akanijibu: «Hii haitaki thina, yaya, inataka maji tu.» Nilimwomba kidogo katika kifuniko cha chupa, nikaipaka juu ya dekali za zamani zilizobaki, na baada ya wiki mbili za kuzisugua kwa kidole gumba zilikuwa bado zimeshika.

Faida yake ni mbili: inapatikana leo, na kwa kila mililita bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na chupa za kuagiza, kwa sababu huuzwa kwa nusu lita au lita nzima. Imetengenezwa ili ikanyagwe, kwa hiyo kidole hakiisumbui. Udhaifu wake ni unene. Inavyotoka kopoini hujaza mikunjo ya jezi na kufuta pua ya mchezaji, hivyo lazima ipunguzwe kwa maji safi, sehemu moja ya maji kwa sehemu nne za vanishi, na ipakwe mara mbili badala ya mara moja. Kuitambua dukani si vigumu. Makopo yetu mengi yana maandishi ya Kifaransa: tafuta maneno «à l'eau» au «phase aqueuse», kisha «incolore», na kwa mng'ao «brillant». Neno «incolore» lina maana kubwa, kwani zipo vanishi za maji zilizotiwa rangi ya mti wa mwaloni au wa mninga, na hizo zitaigeuza jezi nyeupe kuwa ya kahawia. Kama mwenye duka anakuruhusu kufungua kopo, vanishi ya maji huonekana nyeupe kama maziwa yaliyozimuliwa, kisha hukauka na kuwa angavu. Ile inayoonekana kama asali tangu ndani ya kopo iache hapohapo.

Ya tatu ni Tamiya X-22 ya Japani, inayopatikana katika chupa za mililita 10 na 23. Mng'ao wake ni mzuri kuliko wa zote zilizotajwa hapa, na kwa mwenye brashi ya hewa ningeipandisha nafasi moja. Naishusha kwa sababu kiyeyushi chake ni cha aina ya alkoholi: brashi ikirudi mara ya pili mahali ambapo tabaka la kwanza halijakauka sawasawa, hulikokota lile la chini, na dekali ndogo hukokotwa pamoja nalo. Anayeitumia kwa brashi apake mkupuo mmoja na aache. Hapa pia pana mtego wa kununua ambao umewaumiza watu wengi. Tamiya X-21 si vanishi ya mati, ingawa chupa yake hufanana na ya X-22 na namba zao zinafuatana. Ni unga wa kuondoa mng'ao uliomo katika kimiminika, wa kuchanganywa kidogo na rangi au na X-22, na ukipakwa peke yake juu ya mchezaji humwacha mweupe kama aliyemwagiwa unga wa muhogo. Anayetaka vanishi ya mati ya kampuni hiyo, iliyo tayari kutumika, aulize XF-86.

Katika nafasi ya nne nayaweka makopo ya kupuliza ya wapaka sanamu, kama Tamiya TS-13 inayong'aa, TS-80 ya mati, na Mr. Super Clear ya kampuni ya GSI Creos. Kwa ubora peke yake yangestahili nafasi ya juu zaidi, kwa sababu hukauka haraka na kuwa gamba gumu. Lakini ndani yake mna viyeyushi vikali, na dekali iliyolowa kwa mpulizo mmoja mzito hujikunja. Hupulizwa kwa umbali wa sentimita 25 au 30, vumbi jembamba tu mara tatu au nne, huku kila tabaka likiachwa dakika kadhaa, na ndipo upulize tabaka la kulowanisha. Jambo la pili ni usafiri. Kopo la rangi lenye gesi inayoshika moto haliruhusiwi katika mzigo wa abiria wa ndege, wala posta haikubali kulibeba, kwa hiyo usimwombe ndugu anayetoka Ulaya akufichie moja sandukuni. Linalofika hapa kihalali hufika kwa barabara, mara nyingi kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, na bei yake hubeba gharama ya safari hiyo yote. Vanishi ya maji isiyoshika moto haina shida hiyo, na chupa tano za mililita 17 ni mzigo mdogo kuliko jozi ya soksi.

Nafasi ya tano ni vanishi ya magari. Hii ndiyo iliyoharibu kikosi changu mara ya kwanza, na bado naona vijana wakiinunua kwa sababu kopo lake liko kila mahali pauzwapo vipuri. Nilinunua kopo moja katika duka la katikati ya mji, muuzaji akanihakikishia kwamba linafaa kwa plastiki, nami nikawapulizia mabeki wanne kwa pamoja. Ndani ya dakika moja namba zao zilijikunja kama jani lililoangukia makaa, na rangi iliyokuwa chini ikapasuka. Kosa halikuwa la kopo, kwa kuwa vanishi hiyo imetengenezwa kwa bati lililopakwa rangi ya kiwandani. Limekuwa kosa la kuitumia mahali pasipokuwa pake. Anayelazimika kuitumia aifunike kwanza dekali kwa matabaka mawili ya vanishi ya maji, ayaache siku tatu, kisha apulize vumbi jembamba sana. Ile ya gereji inayochanganywa na kigumishi katika kopo la pili ni ngumu kuliko zote, lakini kigumishi chake kina isosayanati zinazoweza kuharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Kwa wachezaji wa sentimita mbili hatari hiyo haina sababu.

Mwisho wa orodha zimekaa vanishi mbili ambazo sipendi zinunuliwe kwa kazi hii kabisa. Vanishi ya mbao ya mafuta, inayozimuliwa kwa thina, huanza na rangi ya asali na huzidi kuwa njano kadiri inavyokomaa, na mistari myeupe ya jezi haina pa kuificha njano hiyo. Rangi angavu ya kucha nayo ina viyeyushi ndugu wa asetoni; huyeyusha dekali papo hapo na huweza kuila plastiki yenyewe.

Hata vanishi niliyoisifu usiipake moja kwa moja juu ya timu. Chukua kijiko cha plastiki, kipake rangi ileile ya jezi, kibandike dekali uliyobaki nayo, kisha ukifunike kwa vanishi mpya na ukiache saa 24. Kijiko kimoja kinaokoa wachezaji 11.

Vilainishi, karatasi, na printa ya jirani

Vanishi haiwezi kuiokoa dekali ambayo haikulala vizuri. Mgongo wa mchezaji una mviringo, na utando wa dekali hautaki kukunjika, hivyo kilainishi ni ununuzi wa pili kwa umuhimu. Jozi ya Micro Set na Micro Sol ya Microscale naiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu kazi zake zimegawanyika waziwazi: ya kwanza hupakwa mahali dekali itakapokaa ili ishike, ya pili hupakwa juu yake ili ilainike na kushika umbo la chini. Baada ya Micro Sol dekali hukunjamana kwa muda, na mtu asiyejua hushtuka akaigusa, ikakatika. Iache, itajinyoosha yenyewe inapokauka. Mr. Mark Setter na Mr. Mark Softer hufuata, na Mark Fit ya Tamiya baada yake. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji husaidia kidogo kwa dekali nyembamba, lakini kwa zile nene tunazochapisha wenyewe haina nguvu ya kutosha.

Kuhusu karatasi ya dekali, jambo la kuamua ni printa utakayoitumia. Karatasi ya printa ya leza na karatasi ya printa ya wino si kitu kimoja. Wino wa kawaida huyeyuka majini, hivyo picha iliyochapishwa kwa wino lazima ifunikwe kwa vanishi angavu ya kupuliza kabla ya kulowekwa. Ya leza haina shida hiyo, kwa sababu rangi yake ni plastiki iliyoyeyushwa kwa joto. Joto hilo lenyewe ndilo hatari: karatasi ya wino ikipitishwa katika printa ya leza, utando wake huweza kuyeyuka na kung'ang'ania ndani ya mashine. Ukiingia katika sekretaria ya mtaani kuchapisha namba zako, mweleze mwenye mashine ni karatasi ya aina gani kabla hajaiweka, na umwonyeshe maandishi ya pakiti. Yeye anaishi kwa mashine hiyo.

Printa hizi hazina rangi nyeupe. Anayetaka namba nyeupe juu ya mstari mweusi hataipata kwa karatasi angavu, kwa maana sehemu nyeupe ya picha hubaki wazi na weusi wa chini huonekana. Suluhisho ni karatasi ya dekali yenye utando mweupe, ambapo unachapisha weusi unaozunguka namba na kukata karibu sana na ukingo kwa wembe mpya, au kupaka kiraka cheupe mgongoni kwa brashi na kuweka juu yake namba nyeusi kwa karatasi angavu. Njia ya pili ni rahisi zaidi. Nembo ya klabu ichapishwe kwa ajili ya timu ya nyumbani. Anayetaka kuuza aombe ruhusa ya klabu kwanza.

Maji ya hapa na majira yetu

Maji yetu yanatoka katika miamba ya dolomiti na yana chokaa nyingi, kama anavyojua kila aliyewahi kutazama ndani ya birika lake. Tone la maji hayo likikauka kando ya dekali huacha duara jeupe, na vanishi ikishalifunika, duara hilo ni la kudumu. Chemsha maji, yaache yatulie, na utumie ya juu. Sehemu ya chokaa hubaki chini. Maji safi ya mvua ni bora zaidi, kama bati limeshaoshwa na mvua za mwanzo. Wengine hununua maji ya betri, na hayo yanafaa sana, mradi yawe yale ya kuongezea yasiyo na chumvi. Chupa yenye tindikali ya betri huwekwa rafu ileile, na hiyo itaunguza vidole pamoja na mchezaji. Soma lebo hadi mwisho.

Majira nayo yaingie katika hesabu ya mnunuzi. Wakati wa mvua hewa hubeba unyevu mwingi, na kopo la kupuliza huweza kuacha ukungu mweupe juu ya rangi, kwa kuwa kiyeyushi kinapokimbia hupoza uso na unyevu hugeuka umande hapo. Pulizia asubuhi jua likishapanda, kabla mawingu ya alasiri hayajajikusanya, au usubiri. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi jekundu, ambalo hutua juu ya vanishi bichi kabla hujageuka. Bakuli la plastiki lililofunikwa juu ya wachezaji linatosha. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku huwa baridi hata chini ya nyuzi 10, na vanishi ya maji haijengi utando imara katika baridi hiyo. Inaonekana imekauka, kumbe imedhoofika, na wiki moja baadaye huchunika kama ngozi iliyoungua jua. Katika miezi hiyo mimi hupaka saa tano ya asubuhi, na jioni huwaingiza wachezaji jikoni, mbali kidogo na mbabula, yaani jiko la makaa.

Mwenye fedha kidogo aanzie wapi

Kama unaweza kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua vanishi ya maji inayong'aa, ya Vallejo kama kuna ndugu anayesafiri, au ya mbao ya maji kama hakuna. Pili, Micro Sol. Tatu, vanishi ya mati. Karatasi ya dekali inaweza kungoja, kwa sababu dekali zilizochapishwa tayari zenye namba za kawaida zinatosha kujifunzia, na ni afadhali kuharibu namba ya duka kuliko nembo uliyoikata kwa wembe usiku mzima.

Usinunue chupa kubwa ya vanishi ya sanamu kwa matumaini ya kuokoa fedha. Ikishafunguliwa, hewa huanza kuigandisha shingoni, na vipande hivyo vigumu vikiangukia ndani hubebwa na brashi hadi mgongoni kwa mchezaji. Kwa kopo la nusu lita la mbao, gawana na wenzako wawili au watatu, kila mmoja ajaze chupa ndogo ya kioo hadi juu kabisa, apanguse mdomo wake kwa kitambaa chenye maji kabla ya kufunga, na aandike juu yake mwezi na mwaka wa kufunguliwa.